Daftari la Foleni

Jumanne trekta la maji halikufika.
Nikaandika: halikufika. Nikapiga mhuri,
kwa kuwa hata kisichokuja hapa Kapedo
lazima kipewe tarehe.

Mimi ni karani wa kaunti ndogo.
Kiti changu kina miguu mitatu na tofali.
Nimeandika ng'ombe waliokufa hadi wino ukapauka.
Nimeandika visima: cha shule kinakohoa,
cha soko kimenyamaza,
cha zahanati chumvi tupu.

Asubuhi naita foleni kwa majina.
Lokiru! Nakiru! Okot! Akot! Nakiru wa pili!
Nusu ya orodha walizaliwa siku ya mvua,
kwa Kikaramojong, kwa Kiacholi, mvua ile ile.
Leo mvua imejipanga na madumu ya njano,
imevaa kandambili, inasukumana,
inaniuliza: karani, lita ishirini au kumi?
Kumi, mama. Anayenyonyesha, kumi na tano.
Msinitazame hivyo.
Sina mkono wa birika;
birika ndilo lisilo na maji.

Moshi ulikuja Alhamisi kutoka upande wa mbuga,
bila barua, bila hodi.
Mlima ukafutika kama jina lililokatwa kwa rula.
Jua likawa jekundu,
jicho la mtu aliyekesha akipuliza kuni mbichi.
Lomongin akaigonga rimu ya lori mara tatu,
ile tuliyoitundika kwa azimio la baraza:
moja mkutano, mbili maji, tatu moshi.

Barakoa tulipewa arobaini. Watu ni mia tisa.
Nesi Lamwaka akachana shuka za wodi,
akalowesha vipande kwa maji aliyokwisha kunawia,
akasema: funga pua, funga mtoto, usikimbie,
anayekimbia huunywa moshi mara mbili.
Wenye pumu tukawalaza ukumbi wa baraza,
nyufa tukaziba kwa udongo na magunia ya unga.
Mwenyekiti, aliyezoea kuhutubia humo saa tatu mfululizo,
alikaa sakafuni kimya, akimpepea bibi mmoja
ambaye kura yake, kila mtu anajua,
alimpa mwingine.

Bibi Nakut alikataa kuingia bila mbuzi wake.
Saba. Nikamsomea sheria.
Akauliza: hiyo sheria inakamuliwa?
Nikafungua ofisi yangu.
Wakaingia, wakapiga chafya, wakaliona kabati.
Usiku huo walikula Mpango wa Dharura ya Ukame,
kurasa sitini na nne, pamoja na viambatisho.
Walibakiza pini.

Huko nje mpango uliendelea bila karatasi.
Panga na majembe yalifyeka ukanda wa hatua ishirini,
wake kwa waume, vitambaa usoni,
hata hujui nani amekupokea jembe.
Dizeli ya pampu ilinunuliwa kwa posho ya kikao;
madiwani walikunja nyuso,
lakini mikono iliinuka.
Na Nakiru wa pili, yule mwenye mimba,
alirudisha nusu ya dumu lake.
"Andika," alisema. "La wanaofyeka."

Moto ulifika kwenye ukanda, ukasimama,
ukanusanusa, ukala kichaka cha mwisho, ukalala.
Sitaandika kwamba tuliushinda.
Ulichoka mapema kidogo kuliko sisi.

Leo Jumanne nyingine. Vifua bado vinakwaruza.
Trekta limefika na pancha moja.
Mkaguzi wa wilaya anauliza Mpango uko wapi.
Namwonyesha mbuzi, wanacheua.
Anadhani namtania.

Nafungua ukurasa mpya. Lokiru. Okot. Akot.
Nakiru wa pili...
Kimya. Kisha dada yake anainua dumu:
amejifungua usiku wa moshi, mtoto wa kike.
Jina? nauliza, kalamu juu.
"Bado. Tunaangalia mawingu kwanza.
Acha mstari wazi."

Nikauacha.
Pembeni nikajaza: lita kumi na tano.